Majina ya Ndege katika Kadi za Kufundishia

Kadi za manila zilizochorwa kwa mkono, ambazo hutumiwa kuwafundishia wanakijiji habari za ndege wa kwao, zina sifa moja isiyopatikana katika kitabu kilichopigwa chapa: zaweza kusahihishwa papo hapo na yule anayefundishwa. Makusudi ya maandishi haya ni kuonyesha jinsi sifa hiyo inavyopotezwa, hasa katika maneno yaandikwayo chini ya picha.

Na tutwae mfano wa kisiwa cha Pemba. Huko wako ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani: ninga, chozi, bundi mdogo, na kijindege cha manjano chenye duara jeupe machoni. Mchoraji akifungua kitabu cha Kiingereza na kutafsiri jina neno kwa neno, ninga hugeuka kuwa "njiwa wa kijani wa Pemba". Sarufi haina kosa, lakini jina hilo halimfundishi Mpemba kitu. Lamnyang'anya neno alilo nalo. Tena, hilo "wa Pemba" ni upambanuzi wa mtu aliye nje ya kisiwa. Aliye ndani hana haja nalo.

Picha nazo zaweza kupotosha. Chozi akichorwa dume peke yake, kwa sababu ya manyoya yake meusi yang'aayo kijani na zambarau, mwanafunzi atakapomwona jike mwenye rangi iliyofifia atadhani ni ndege mwingine. Vivyo hivyo bundi wa kisiwa hicho: urefu wake ni kiasi cha sentimita 20 tu, na chakula chake ni wadudu. Akichorwa mkubwa kuliko ninga, picha yaongeza hofu ya ndege ambaye wengi tayari humhesabu kuwa wa mkosi.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya watoto, na afungue kamusi. Ile ya Johnson ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimehifadhi majina mengi ya ndege. Lakini baadhi yake yamefafanuliwa kwa ufupi mno, hata msomaji hajui ni ndege gani hasa. Aidha, ndege mmoja aweza kuwa na jina zaidi ya moja: dudumizi ndiye tipitipi.

Kwa hiyo yafaa kadi ipelekwe kijijini ikiwa na picha tu, dume na jike, kwa kipimo cha ndege mwenyewe, na mahali pa jina paachwe wazi. Wazee, wakulima na watoto wachungao mashamba waulizwe, na kila jina liandikwe pamoja na mahali liliposikiwa. Hapo ndipo kadi itakapomfundisha mwanakijiji na mwanaleksikografia pia.

Huenda mwenzetu akapinga kwamba wingi wa majina utavuruga Kiswahili sanifu. Hoja hiyo ina uzito, kwani kitabu cha shule hakina budi kuwa na jina moja. Lakini usanifishaji ni kuchagua katika yaliyokusanywa, na wanaoyajua majina haya wanapungua. Jina lisiloandikwa leo halitakuwamo katika uchaguzi huo.