Cha Mvunguni

Katika kazi zote za gereji, kutia grisi viungo vya mbele ndiyo kazi isiyo na watazamaji. Anayefungua injini hukusanya watu. Anayenyoosha bodi na kupiga rangi husifiwa na kila apitaye. Lakini aliyelala chali mvunguni mwa Hilux kuukuu pembezoni mwa barabara ya Tunguu, Unguja, kitambaa mkono huu na pampu ya grisi mkono ule, akishamaliza, gari hutoka vilevile ilivyoingia. Mwenyewe hulipa huku akinung'unika, maana hakuoneshwa kipuri kipya. Kwangu mimi, fundi hupimwa hapo.

Tazama maisha ya gari hizo. Asubuhi pikapu hupeleka mihogo na ndizi Mwanakwerekwe, jioni hurudi na saruji. Njia kuu ni lami, ila ikikata tu kuingia vijijini hukutana na mawe ya matumbawe na vumbi lake jeupe, ambalo likichanganyika na grisi husaga chuma taratibu. Masika nayo, Machi hadi Mei, huleta madimbwi. Mbaya zaidi ni safari ya kutoka Unguja Ukuu kuvuka kwenda Uzi, kwenye ile njia ya mikokoni ambayo kwa miaka mingi ilifunikwa na bahari kila maji yakijaa. Chumvi ile haina huruma na boljointi kavu, kile kiungo cha tufe cha gurudumu la mbele.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kufuta nipeli, kile kichuchu cha kutilia grisi, kwa sababu mchanga ulioachwa juu yake ndio utakaotangulia kuingia. Huweka kabari magurudumu ya nyuma, akapandisha jeki chini ya fremu, si chini ya mkono wa gurudumu, kisha akatia stendi. Uzito wa gari ukiwa bado umelala juu ya kiungo, tufe hukandamizwa kwenye kikombe chake na grisi hupita pembeni tu. Gurudumu likining'inia, upenyo hufunguka, grisi ikafika panaposuguana. Anapopiga pampu humwambia kijana wake azungushe usukani kulia na kushoto, ienee pande zote.

Hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Grisi ya zamani ikitoka nyeusi, hakuna neno. Ya kahawia imebeba kutu. Iliyopauka ikawa rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Inayometameta ni habari mbaya: chuma kimeshaanza kuliwa, na hakuna pampu itakayokirudisha. Boljointi ikiachia njiani, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna la kusema. Kisha kuna kujua wakati wa kuacha. Kava la mpira likianza kutuna, mkono usimame. Vijana wengi huzidisha kwa bidii njema, kava likapasuka, na maji yakapata mlango.

Pampu na nipeli ni vitu vya juzi. Oscar Zerk, mzaliwa wa Vienna, alipata hataza ya nipeli yake Marekani mwaka 1929, na grisi ya sabuni ya lithiamu ikapata yake 1942 kwa Clarence Earle. Tabia yenyewe ya kulinda chombo kwa mafuta pasipoonekana ni ya zamani pwani hii. Mafundi wa majahazi walipaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, chini ya chombo ili wadudu wasitoboe mbao. Kazi yao nayo ilizama majini, asiione mtu.

Wapo wanaosema gari za leo hazina haja ya haya, viungo vyake vimefungwa kiwandani. Ni kweli, na kwa muda huwa raha. Ila grisi ya ndani ikikauka hakuna pa kuongeza. Kiungo hung'olewa, hutupwa, na fundi hubaki mbadilisha vipuri. Sioni kama tumepata faida kubwa hapo, hasa kisiwani, ambako kipuri husubiri meli.

Basi ukiambiwa Hilux yako ya zamani haina nipeli, usikubali upesi. Inama utazame mwenyewe: boljointi nyingi za Toyota za zamani zilitoka kiwandani na skrubu ndogo mahali pa nipeli. Ifungue, funga nipeli yenye nyuzi zinazolingana nayo, utie grisi kabla ya masika, na utie tena mvua zikiisha.