Zamu ya Samaki Huja Mwisho

Tangi la kioo limewekwa mbali na dirisha, juu ya meza nzito ya mbao, katika nyumba ya mwalimu mstaafu hapa Nyamira. Lina maji na mchanga, na mimea imeanza kushika mizizi, ila samaki hamna. Wageni wakiuliza, Mwalimu hujibu kwamba zamu yao haijafika, kisha anaendelea kupanga mawe. Nia yake ni kufuga uduvi na samaki pamoja, viumbe viwili ambavyo kimoja ni chakula cha kingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya kabla hawajaonana.

Uduvi wake ni wa Ziwa Victoria, wanaoitwa kitaalamu Caridina nilotica na kwa Kijaluo ochong'a. Hawazidi sentimita 3. Huku milimani wengi wetu tunawafahamu wakiwa wakavu, ndani ya chakula cha kuku. Ziwani wamepita katika misukosuko mikubwa. Sangara walioletwa katikati ya karne ya 20 walipowapunguza vibaya samaki wadogo wa asili, hasa miaka ya 1980, uduvi waliongezeka, ingawa sangara wachanga waliwageukia na kuwala kwa wingi. Miongoni mwa maficho yao ni maji ya kina yenye oksijeni haba, ambayo samaki wengi huyakwepa. Kutoka huko Mwalimu amechukua kanuni yake: mdogo huokolewa na mahali ambapo mkubwa hafiki.

Huanza na maji. Mvua za kwanza huziacha zioshe paa, ndipo anapokinga. Maji ya mvua hayana madini ya kutosha, na uduvi huhitaji kalsiamu ili kujenga ganda, kwa hiyo huponda maganda ya mayai yaliyooshwa na kukaushwa, akayafunga katika kitambaa na kuyatumbukiza. Anachokihofia zaidi ni shaba. Dawa za shaba zinazopulizwa kwenye mibuni dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa matunda huua uduvi hata zikiwa kidogo mno. Hivyo hachukui mchanga wala mimea kutoka kijito kinachopita chini ya shamba la kahawa, na ndoo za tangi hazipelekwi shambani kamwe.

Mimea huipanda kwa kibano, shina moja moja. Nyuma huweka yenye majani marefu kama utepe. Pembeni huyaacha magugu laini ya Ceratophyllum yasongamane hadi mkono usipenye. Katikati ya mawe huacha nyufa na kuzipima kwa kalamu ya risasi: inapopita, uduvi atapita, na samaki mwenye kifua kipana atabaki nje. Chujio lake ni sponji inayopitishiwa maji na pampu ndogo ya hewa, kwa sababu chujio lenye mdomo wazi lingewameza wachanga.

Kisha husubiri. Kila siku hutia chembe chache za chakula cha samaki, zioze. Kuoza huko huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye sponji na mchanga huigeuza kuwa nitriti, sumu pia, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Mwalimu huchovya karatasi ya kupimia, huisoma kwenye mwanga wa mlangoni, na kuandika rangi yake katika daftari la mistari.

Uduvi hufika alfajiri kutoka ufukweni, ndani ya ndoo iliyojaa magugu, walionaswa pamoja na omena. Hawamwagi tangini. Huchukua mpira mwembamba, akaupiga fundo, na kuyaacha maji ya tangi yadondoke ndooni tone kwa tone kwa saa mbili. Ndipo anapowateka kwa kikombe, wachache wachache, akiwatenga waliolegea.

Wakati mmoja, siku kadhaa baada ya kuwatia, mjukuu wake aliita, "Sokoro (babu), mmoja amekufa!" Mwalimu alisogea, akatazama mwili mweupe uliolala mchangani, kisha akamwonyesha mtoto uduvi mzima aliyejibanza chini ya jiwe. Lililolala lilikuwa ganda tupu. Uduvi akilivua huwa laini kwa muda na hana kinga yoyote. Nyufa zilipimwa kwa ajili ya saa hizo. Ganda huachwa palepale, maana wenyewe hulila na kurudisha madini mwilini.

Samaki hawaingii mpaka majike waonekane na mayai chini ya tumbo na watoto wa kwanza wawe wamekua. Huchagua gapi, wenye midomo midogo, na huwatia wachache. Ngege hata akiwa mchanga humkataa, kwa kuwa atakua. Kabla ya kuwatia huwalisha, wasiingie na njaa. Watoto kadhaa wa uduvi bado wataliwa, naye analijua hilo. Wanaobaki maguguni hutosha kuendeleza ukoo.

Baada ya hapo kazi ni ndogo na haina mapumziko. Hubadilisha sehemu ya maji kila wiki, na sponji huikamua katika maji ya tangi lenyewe ili bakteria wasife. Umeme ukipotea usiku wa baridi, hulifunika tangi kwa blanketi, akateka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, tena na tena, yapate hewa.

Jirani akija kuomba uduvi, Mwalimu humpa kwanza konzi ya magugu na kipande cha sponji iliyokomaa, na kumwambia arudi na daftari la vipimo. Anayerudi nalo likionyesha maji yametulia, hupewa uduvi. Samaki, jirani atawatafuta mwenyewe baadaye.