Sifa za Ulinganifu Uliovunjika

Bangili zinazouzwa kwa wasafiri mjini Isiolo, penye barabara ya kwenda Moyale, husokotwa kwa nyuzi za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini. Lau nyuzi zote zingekuwa shaba nyekundu tupu, ungebadilishana uzi huu na ule na jicho lisitambue; tofauti ya madini ndiyo inayoudhihirisha msokoto. Kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, zina kanuni hiyohiyo: zingelikuwa na uzito sawa, kuchanganyika kwao kusingekuwa na maana yoyote. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini zimepishana uzito na anayeuliza kwa nini zinachanganyika wanauliza swali moja, na ufundi ninaousifu ni wa wale waliolijibu kama swali moja.

Kwaki ni aina sita katika vizazi vitatu. Nguvu ya nyuklia haivibagui vizazi hivyo, lakini uzito unavitenga mno: kwaki nzito kuliko zote, iliyothibitishwa Fermilab mwaka 1995, inaizidi iliyo nyepesi kabisa makumi ya maelfu ya mara. Mwaka 1963 Nicola Cabibbo alieleza mchanganyiko kwa pembe moja, karibu digrii 13. Mwaka 1973 Kobayashi na Maskawa wakaupanua hadi vizazi vitatu. Froggatt na Nielsen, mwaka 1979, walidhani kuna ulinganifu unaotofautisha vizazi, nao umevunjika kidogo tu. Udogo huo ni namba moja. Kadiri inavyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, ndivyo kwaki inavyokuwa nyepesi na mchanganyiko unavyofifia.

Mpinzani atasema huku ni kubadilisha namba kwa namba, maana mtunzi huchagua mwenyewe mara za kuzidisha. Hoja hiyo ina uzito, tena hakuna jaribio lililouona ulinganifu huo moja kwa moja. Lakini zingatia ushahidi ulioonekana tangu 1968: kwaki mbili za vizazi viwili vya kwanza, zenye chaji hasi iliyo sawa, hupishana uzito takriban mara 20, kipeuo cha pili cha 1/20 ni 0.22, na saini ya pembe ya Cabibbo ni hiyohiyo 0.22. Anayechukua vipimo kumi visivyo na uhusiano, uzito sita, pamoja na pembe tatu na awamu moja za mchanganyiko, akavifunga kwa namba moja ndogo, amejinyima uhuru wa kubuni. Aliyejinyima hivyo anaweza kukutwa na kosa, na nadharia inayoweza kukutwa na kosa ndiyo inayostahili sifa.