Kumlisha Kiwavi Kabla ya Kumchora

Kabla ya kushika brashi, mchoraji wa wadudu Maria Sibylla Merian alilisha. Kila kiwavi aliyempata alimfuga ndani ya kijisanduku, akimpa majani ya mmea uleule aliokutwa juu yake, kwani viwavi wengi huona heri kufa njaa kuliko kula jani geni. Alibadilisha majani, akaondoa uchafu, akaandika ni lini mdudu aliacha kula na kujifungia ndani ya kifukofuko. Alianza hivyo Frankfurt mwaka 1660, akiwa na miaka 13, kwa viwavi wa hariri.

Alichora juu ya ngozi laini ya ndama. Ngozi hainywi maji kama karatasi, na ikilowa hujikunja. Brashi sharti iwe nyembamba, karibu kavu. Rangi husagwa hadi iwe unga, ikachanganywa na gundi ya mgunga. Hutangulia rangi nyepesi ya mwili mzima. Ikikauka, kila pingili hutiwa kivuli chake. Mwisho huja vinyweleo, kimoja kimoja.

Kiwavi na pupa aliwachora wakiwa hai, maana hawahifadhiki vizuri wakifa. Kipepeo aliyekaushwa aliweza kungoja. Wakati mwingine, pupa aliyetunzwa kwa siku nyingi alitoa nzi badala ya kipepeo. Merian aliwachora nzi hao pia, akaandika alichokiona, akatafuta kiwavi mwingine.

Katika miaka ya 1680 alimwacha mumewe, akaenda na mama yake na binti zake wawili kuishi Wieuwerd, Uholanzi, miongoni mwa jumuiya ya kidini iliyojitenga na ulimwengu. Katika upweke ule alipanga michoro na maandishi yake ya miaka mingi. Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alisafiri na binti yake mdogo, Dorothea, hadi Surinam, Amerika Kusini. Wenyeji na Waafrika waliotiwa utumwani ndio waliomfyekea njia msituni na kumletea wadudu. Maradhi yalimrudisha Uholanzi mwaka 1701; mwaka 1705 akatoa kitabu cha picha 60, nyingi zikiwaonyesha kiwavi, pupa na kipepeo wakiwa pamoja kwenye mmea wao.

Baadaye mwanasayansi Linnaeus alizitegemea picha hizo alipowapa wadudu majina ya kisayansi. Aliweza kuziamini kwa sababu aliyezichora alikubali kungoja kila hatua itimie mbele ya macho yake.