Namna ya Kuipima Barua ya Baharia

Ukiletewa fungu la barua za baharia wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili, usianze kusaka mizinga. Mabaharia walikatazwa kutaja walipo na wanakokwenda. Ofisa wa melini alizisoma barua zao, na lisilotakiwa likakatwa kwa wembe. Barua ya katikati ya vita inayosimulia mapigano kwa kirefu, itilie shaka.

Shika bahasha kwanza. Mahali pa stempu, kuanzia Aprili 1942, baharia aliandika kwa mkono kwamba barua haina malipo. Anwani ya posta ya San Francisco kwa kawaida ni ya Pasifiki. Ya New York ni ya Atlantiki. Muhuri wa mkaguzi mara nyingi una saini yake fupi. Aliyetupa bahasha ametupa ushahidi mwingi. Barua za mpango wa V-Mail zilipigwa picha kwenye filamu ya milimita 16, zikachapwa ng'ambo zikiwa ndogo mno. Mwandiko umo, lakini alama ya kalamu iliyokandamizwa huioni. Mimi huchagua karatasi yenyewe.

Kwenye maneno, usiharakishe. "Mimi mzima, hofu kwenu" yamo kwa namna moja au nyingine katika karibu kila barua, na barua hafifu huishia hapo. Barua nzuri hujibu. Baharia anauliza kama paa linalovuja limezibwa, anamwagiza mdogo wake asiiache baiskeli mvuani, anamwambia mama asiuze ng'ombe mpaka bei ipande. Humo unaisikia barua ya mama, ambayo mara nyingi haikuhifadhiwa. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa: je, walio nyumbani wanaonekana?

Barua moja haitoshi. Posta ya baharini ilileta rundo kwa mpigo, ya tano ikitangulia ya tatu, ndiyo maana wengine waliziwekea namba. Usizipange upya kabla hujaziandika namba hizo. Pengo lina habari yake.

Na ukikuta barua ya baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945, ukaguzi ulipoondolewa na baharia akataja alikokuwa, isome sambamba na za nyuma. Huenda jioni aliyoeleza karata na supu tu, meli ilikuwa imetoka kushambuliwa. Fungu lenye zote mbili, ile inayoficha na ile inayofichua, lilipie hata kama karatasi zimechakaa.