Njia Moja, Nchi Nzima: Uhakiki wa Sura ya Uganda katika My African Journey ya Winston Churchill

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kitabu cha safari cha Winston Churchill, My African Journey (1908), kinavyoijenga sura ya Uganda kutokana na njia moja aliyoipita mwandishi wake. Hoja kuu ni kwamba kitabu hicho kinaifanya njia isimame badala ya nchi, na kwamba mazoea hayo yamedumu katika maandishi ya utalii. Makala yanaonyesha pia kuwa lugha ya Kiswahili haina mikono mitupu katika suala hili, kwani jina lenyewe la Uganda ni zao la wasafiri wa misafara. Mwisho, yanapendekeza mambo ya kuzingatiwa na watunga sera za lugha na utalii katika kanda.

1.0 Utangulizi

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1907, Churchill, aliyekuwa Waziri Mdogo wa Makoloni wa Uingereza, alishuka Mombasa, akapanda reli hadi Kisumu, akavuka Ziwa Viktoria na kuingia Uganda. Kutoka Entebbe na Kampala alielekea Jinja, akaufuata Mto Nile hadi Ziwa Kyoga, akapita Bunyoro na maporomoko ya Murchison, kisha akateremka na mto hadi Sudani na Misri. Masimulizi yake yalitoka kwanza katika jarida la The Strand, na mwaka 1908 yakawa kitabu. Sifa ya Uganda kuwa Lulu ya Afrika, ambayo hadi leo hutumika kuitangaza nchi hiyo, kwa kawaida huhusishwa na safari hiyo.

Wahakiki wa fasihi ya safari wamezoea kuuliza iwapo msafiri alisema kweli. Swali hilo lina manufaa, lakini halitoshi. Msafiri anaweza kusema kweli kuhusu kila alichokiona na bado akaacha picha isiyo ya kweli kuhusu nchi, ikiwa msomaji hakuonyeshwa mahali macho ya msafiri yalipokomea. Kwa hiyo makala haya hayamshitaki Churchill kwa uongo. Yanachunguza jinsi ukweli wa njia unavyogeuka kuwa ukweli wa nchi.

2.0 Njia na Mipaka ya Nchi

Kwanza, ni vyema kuikumbuka ramani ya wakati ule. Hadi mwaka 1902, Kisumu ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande wa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ni Kenya. Mwaka 1907, eneo ambalo leo ni West Nile lilikuwa ndani ya Lado, chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Likaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mpaka wa Kigezi, kusini-magharibi, ulikuwa bado haujaafikiwa baina ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Karamoja ilikuwa mbali na mkono wa serikali.

Maana yake ni kwamba Uganda iliyosifiwa mwaka 1908 haikuwa Uganda ya leo. Njia ya Churchill iligusa Buganda, Busoga, kingo za Kyoga, Bunyoro na bonde la Nile. Haikufika Ankole, Toro wala Kigezi, na haikukaribia Karamoja. Hata hivyo, sifa iliyotolewa kwa ukanda huo ilivaliwa na nchi yote ilipopanuka. Mtalii wa leo anayekwenda Bwindi kuwaona sokwe wa milimani, au Kidepo kuona nyika kavu ya kaskazini-mashariki, hupokewa na maneno yaliyotungwa kwa ajili ya ukingo wa ziwa wenye migomba na mvua za mwaka mzima. Karamoja si bustani, wala haihitaji kuwa bustani ili istahili kutembelewa. Msamiati uliorithiwa unaipima kwa kipimo cha Buganda, na kwa kipimo hicho daima itaonekana pungufu.

3.0 Anayeonekana na Asiyeonekana

Pili, kitabu kinavutia pale mwandishi anapokuwa mwerevu na si pale anapokosea. Churchill aliandika waziwazi kuhusu ugonjwa wa malale, ambao tangu mwanzoni mwa karne ulikuwa umeua watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili katika mwambao na visiwa vya ziwa. Alijadili pia kazi ya Gavana Hesketh Bell ya kuwahamisha watu kutoka mwambaoni. Zaidi ya hayo, alishikilia kuwa Uganda isiwe nchi ya walowezi, na kwamba rasilimali zake ziendelezwe na serikali kwa faida ya wenyeji badala ya kuachiwa makampuni ya faida binafsi. Mhakiki asiyetaja mambo hayo hatendi haki.

Lakini hata huruma hiyo inapita katika njia ileile. Anapoingia Bunyoro, msafiri anaingia katika nchi iliyotoka vitani. Mukama Kabalega alikuwa amekamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Katika mwaka huohuo wa safari, 1907, Wanyoro walikuwa wamewakataa machifu wa Kiganda waliowekwa juu yao, katika upinzani unaojulikana kama Nyangire. Msomaji wa My African Journey hapati kuuona mwaka huo kwa macho ya Wanyoro. Anachokumbuka baada ya kukifunga kitabu ni maporomoko, viboko na msitu. Mandhari imechukua nafasi ya historia, na kwa kuwa ni mandhari nzuri, msomaji hahisi kuwa amepungukiwa na kitu.

Wapagazi nao wamo katika kitabu, tena kwa wingi, kwani bila wao msafara usingeondoka Jinja. Wanaonekana kama nguvu inayobeba, na hawaonekani kama watu wanaoijua nchi. Mpagazi anajua wapi maji hukauka, nani anadai ardhi ya bonde, na kwa nini kijiji kimehama. Elimu hiyo ilisafiri pamoja na msafiri kila siku, ila haikuingia katika daftari lake.

4.0 Majina ya Maporomoko

Tatu, liko suala la majina. Speke alipofika mahali Nile inapotoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, alipaita Ripon kwa heshima ya mkubwa mmoja wa Uingereza, ilhali pale palikuwa na jina lililotokana na mawe, ambalo mji wa Jinja unalibeba mpaka leo. Mwaka 1864 Baker aliyaita maporomoko ya Bunyoro kwa jina la Murchison, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Churchill aliyapokea majina hayo kama yalivyo na kuyaeneza. Pale Ripon aliyaona maji yanayopotea bure ilhali yangeweza kuzalisha nguvu, na sura yake ya mwisho ni hoja ya kujenga reli ya kuliunganisha Ziwa Viktoria na Ziwa Albert. Safari ilianza kwa mshangao ikamalizikia kwenye mpango wa uwekezaji.

Bwawa la Owen lilipozinduliwa mwaka 1954, maporomoko ya Ripon yalizama. Katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin uliyapa maporomoko ya Murchison na hifadhi yake jina la Kabalega. Baadaye jina la zamani likarudi. Tukio hilo lina funzo kwa watunga sera. Jina la Kabalega lilikuwa na haki ya kihistoria, lakini lilikuja kwa amri ya utawala uliomwaga damu, na likaondoka pamoja nao. Urejeshaji wa majina usiojengwa juu ya utafiti na ridhaa ya wenyeji hudumu kwa muda wa aliyetoa amri.

5.0 Kiswahili Hakina Mikono Mitupu

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kuwa dawa ni kuandika upya safari hizi kwa Kiswahili. Historia haikubaliani na wepesi huo. Jina Uganda ni umbo la Kiswahili la Buganda. Wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani waliiita Buganda Uganda, Bunyoro Unyoro na Busoga Usoga, na Waingereza wakayachukua majina hayo kutoka vinywani mwao. Himaya iliyotangazwa mwaka 1894 juu ya Buganda ilipopanuliwa miaka miwili baadaye, jina la eneo moja, katika matamshi ya wageni, likawa jina la wote. Kwa hiyo kosa la kuifanya sehemu kuwa nchi nzima lilikuwa limekwisha kutendwa kwa Kiswahili kabla Churchill hajalitenda kwa Kiingereza.

Masimulizi ya safari yaliyoandikwa na Waswahili wenyewe yanathibitisha jambo hilo. Mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901, una kazi za waandishi kama Selemani bin Mwenye Chande na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ubora wao ni kwamba msafiri wao hujadiliana: kuna hongo, kuna chakula cha kununuliwa, kuna mkubwa wa mji wa kuombwa njia. Mwenyeji ana uwezo wa kukataa, na msafiri anaujua uwezo huo. Hata hivyo, mtazamo wa mtu wa pwani kwa watu wa bara, aliozoea kuwaita washenzi, haukosekani katika fasihi ya kipindi hicho. Lugha ya Kiafrika haimfanyi msafiri awe mwenyeji.

Mfano unaofaa zaidi unatoka Uganda yenyewe. Mwaka 1902 Ham Mukasa alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda London kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Aliandika kwa Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza ya Ernest Millar ikatoka mwaka 1904. Mukasa anapima vitu vya Uingereza kwa vipimo vya kwao na wala hafichi kuwa vipimo hivyo ni vya kwao. Msomaji anajua wakati wote ni nani anayetazama na ametoka wapi. Uwazi huo ndio anaoukosa msomaji wa Churchill.

6.0 Maana kwa Sera

Suala hili lina uzito wa sasa. Tangu mwaka 2014, Kenya, Rwanda na Uganda zimekuwa na viza ya pamoja ya utalii, na raia wao wanaweza kuvuka mipaka hiyo kwa vitambulisho vya taifa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, pamoja na kufundishwa kwake shuleni. Msafiri jirani anayeongea Kiswahili si mtu wa kufikirika tena.

Hata hivyo, Kiswahili kinaingia Uganda kikiwa na kumbukumbu zake. Kwa wengi kilikuwa lugha ya kambi na kizuizi cha barabarani, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 aliongeza uzito wa kumbukumbu hiyo. Mgeni anayewasalimu watu kwa Kiswahili kule kaskazini anaweza kudhani amefungua mlango, kumbe amewakumbusha askari. Sera isiyoyajua hayo itatafsiri vipeperushi vya Kiingereza neno kwa neno na kuieneza njia ya Churchill kwa lugha nyingine.

Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu. La kwanza, maandishi ya Kiswahili kuhusu kila eneo yatungwe kutokana na lugha ya eneo hilo, yaani Kinyoro kwa Bunyoro na Kikaramoja kwa Karamoja, na mfasiri wake awe mwenyeji. La pili, mabango ya hifadhi na maporomoko yabebe majina yote, la wenyeji na la mgeni, pamoja na mwaka na sababu ya kila jina. La tatu, simulizi la eneo litaje pia walioondolewa. Hifadhi za Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa za taifa mwaka 1991, Wabatwa walitolewa misituni. Mwaka 1994 Bwindi ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anayesomewa tarehe ya pili bila ya kwanza ameuziwa nusu ya mahali.

7.0 Hitimisho

My African Journey kitaendelea kusomwa, na kinastahili, kwa kuwa mwandishi wake alijua kutazama na alijua kuandika. Kinapaswa kusomwa kama kumbukumbu ya njia moja katika miezi michache ya mwaka 1907, kabla mipaka ya Uganda ya leo haijakamilika. Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa Kiswahili katika kanda ni kuhakikisha kuwa maandishi mapya yanamwambia msafiri ni njia gani anayopitishwa, nani ameichagua, na maeneo gani yameachwa pembeni yake.