Ave Africa ya Sunburst: Salamu Iliyochelewa Kufika

Bendi ya Dar es Salaam, jina la Kilatini, rekodi ya Zambia, toleo jipya la London. Hebu fikiria safari hiyo! Sunburst walirekodi Ave Africa mwaka 1976. Miaka 40 baadaye, 2016, Strut Records wakaitoa upya, sauti ikiwa imesafishwa, pamoja na santuri fupi na rekodi za redio tangu 1973.

Nimekuwa nikiisikiliza nikiwa Kasulu, na huku jina lake linasema zaidi. Kwenye nchi ya misheni kama Kabanga, "Ave" ni neno la nyimbo za Bikira Maria. Sunburst wakalichukua kumsalimia bara zima, kwa gitaa la umeme na kinanda. Hiyo sio dhihaka. Ni ibada ya aina nyingine: kila wimbo ni kama aya ya salamu moja, ndiyo maana naiona albamu hii kuwa kitu kizima, sio fungu la nyimbo.

Tukumbuke pia mazingira. Mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana. Bendi iliyoanza mwaka uliofuata ilipaswa kujibu swali gumu: utapigaje muziki wa kisasa bila kuambiwa umeiga Wamarekani? Jibu lao lilikuwa kuingiza ngoma za kwetu ndani ya roki, na kuwaita vijana kwa Kiswahili, kama jina la wimbo "Enyi Vijana" linavyotangaza. Sauti iliyosafishwa inalionyesha jibu hilo vizuri: ngoma na besi vimetoka kivulini, na unasikia kwamba ndivyo vinavyoongoza, gitaa linafuata.

Lawama yangu ni moja. Toleo hili linataka kuwa kamili, na ukamilifu unaimeza albamu. Ukiacha yote yacheze mfululizo, salamu inageuka kuwa kumbukumbu ya ofisi. Ushauri wangu: sikiliza kwanza nyimbo za albamu peke yake, kisha rudi kwenye mengine.

Usiuruke "Let's Live Together". Mtu wa mjini anaweza kuuona wito wa kuishi pamoja kuwa maneno mepesi tu, ya jukwaani. Lakini wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, iliwapokea Warundi tena mwaka 2015. Huku wito huo una anwani. Unahusu kuni, maji, soko, na nani anaitwa mgeni hadi lini.

Kwa hiyo tusiiweke albamu hii kwenye kabati la "zilipendwa". Zilipendwa tunazisikiliza kukumbuka tulikotoka. Hii bado inatudai.